Sharti la Yaya Jeanne

Mwanamume akikuletea matunda ambayo hukumwagiza, kaa vizuri umsikilize. Nilikuwa juu ya paa la jengo nilimopanga pale Sanyuanli, mjini Guangzhou, nafua jezi yangu nyeusi ya kuchezeshea mpira, Ignace akatokea na mfuko wa lichi. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa, akaanza kuzimenya na kunipangia kwenye kisahani, kimya, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Kesho yake ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi yetu ya Jumapili, na bingwa angejulikana. Ignace alikuwa nahodha wa timu moja. Refa nilikuwa mimi.

"Hizo lichi zina kesi gani?" nikamuuliza.

"Hazina kesi, Pina."

"Basi sema lililokuleta kabla hujazimaliza mwenyewe."

Akacheka. Nisiwafiche, kicheko cha Ignace kilikuwa kinanimaliza. Alikuwa anacheka kwa macho kwanza, mdomo unafuata baadaye, na katikati ya hapo mimi nasahau nilikuwa nasema nini.

"Yaya Jeanne amekubali kukuona," akasema.

Jezi ikaniponyoka ikarudi kwenye beseni. Yaya Jeanne ni dada yake mkubwa; kwao dada mkubwa huitwa yaya. Wazazi wao walifariki Ignace akiwa mdogo kule Lubumbashi, na huyo dada ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamleta Guangzhou kununua viatu na mabegi ya kupeleka nyumbani. Alikuwa na mgahawa mtaa wa Dengfeng, na wafanyabiashara wote wa Kongo walimwogopa kidogo. Ignace asingeoa bila neno lake. Na kwa muda wote tuliopendana, dada huyo alikuwa hataki hata kulisikia jina langu, Agripina, msichana wa Bukoba anayesomea ufamasia.

"Kweli?" nikasema. "Usinitanie, Ignace."

"Kweli kabisa. Jumapili ya wiki ijayo, chakula kwake nyumbani. Atakuuliza wazazi wako, kabila lako, mambo ya kawaida."

Nilitaka kumrukia na mapovu yangu yote. Kisha nikaona hanitazami. Anaitazama lichi.

"Kuna sharti moja tu," akasema.

"Lipi?"

"Kesho usichezeshe. Mwachie Alphonce. Na baada ya kesho, filimbi uiache kabisa. Yaya anasema hawezi kuwaeleza watu wa nyumbani kwamba mke wa mdogo wake anakimbizana na wanaume uwanjani, wanamtukana, naye anawapulizia filimbi."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Akamenya lichi nyingine.

"Ignace."

"Nilimwambia nitakuuliza."

Moyo wangu, uliokuwa umepanda juu, ulishuka taratibu hadi kwenye lile beseni.

Ngoja niwaeleze filimbi ile nilivyoipata. Alphonce ndiye mwenyekiti wa ligi. Alikuwa anasomea udaktari wa falsafa, na kabla ya kuja China alikuwa refa wa daraja la tatu huko kwetu. Jumapili moja refa aliyepangwa aligoma, amechoka kutukanwa, na mimi nilikuwa pembeni nimeshika maji ya wachezaji. Alphonce akanipa filimbi, akasema jaribu. Nikaipuliza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wakwe. "Dada Agripina," akaniambia, "ukiipiga kwa aibu, wataisikia aibu." Tangu hapo akanifundisha asubuhi kabla ya masomo: kukimbia kinyumenyume, kumtazama mchezaji machoni, kutoa kadi bila haraka.

Matusi yalikuja siku hiyohiyo ya kwanza. Nenda kapike. Refa, macho umeyasahau hosteli? Mwingine alinitukania mama yangu, ambaye yuko Bukoba na hajui hata ofisaidi ni nini. Nilijifungia chooni nikalia, nikanawa uso, Jumapili iliyofuata nikarudi. Nilirudi kwa sababu niliipenda ile kazi. Nilipenda kuona jambo mbele ya wengine, nikalisema, na likawa. Na mtu wa kwanza niliyemwonyesha kadi ya njano maishani mwangu alikuwa nahodha mmoja mrefu wa Kikongo.

"Kwa nini?" aliniuliza siku hiyo.

"Kwa mdomo," nikamjibu.

Baada ya mechi alinifuata na Fanta mbili baridi kuniomba radhi. Ndiye huyu sasa aliyekaa mbele yangu na lichi.

"Alphonce aliponipanga kuchezesha kesho," nikasema, "nilimwambia wazi kwamba mimi na wewe tunapendana. Yeye akawaambia nyie manahodha wote wawili. Mutua wa Wanachuo akakubali. Wewe ukakubali. Au nimesahau?"

"Nilikubali."

"Ulikubali ukiwa nahodha. Leo unakuja kukataa ukiwa nani?"

"Pina, sipendi vile watu wanakutukana."

"Mwezi uliopita mashabiki wako waliniita malaya. Ulikuwa umesimama pale karibu, na kitambaa cha unahodha mkononi. Ulisema nini?"

"Ningekutetea wangesema refa amenunuliwa na bwana wake."

"Sikuhitaji bwana wangu anitetee. Nilihitaji nahodha awanyamazishe watu wake. Ni kazi yake."

Ignace alikuwa amekisafisha Kiswahili chake kwa ajili yangu, lakini akiguswa pabaya kilikuwa kinarudi Lubumbashi chenyewe.

"Weye haujue, Agripina. Yaya ni mama yangu. Alilala na njala juu ya mimi nisome. Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie kesho nina kazi."

Nilikuwa natamani aje anishike tu hata bila neno, na yeye nilimwona anatamani hivyohivyo, ila kila mmoja wetu alikuwa mkaidi. Akasimama, akashuka ngazi. Lichi akaziacha. Nilizila zote kwa hasira, na zilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi.

*

Uwanja wenyewe ulikuwa wa kukodi, nyasi bandia, nyuma ya jengo linalouza mabegi ya ngozi. Umezungushiwa waya, una geti moja, na geti lina mzee Liang na funguo zake. Saa yenu ikiisha, mzee Liang anawafungulia Wachina wa maofisini waliokodi baada yenu, nao wanaingia hata kama mpira uko hewani. Kwa hiyo ligi yetu haikuwa na dakika za nyongeza. Muda uliopotea umepotea.

Na kulikuwa na kanuni moja ambayo Alphonce aliisoma kila mwanzo wa msimu: mtazamaji akimtukana refa, mpira unasimama hadi mtazamaji huyo atoke nje ya geti, na saa inaendelea kutembea. Haikuwahi kutumika hata mara moja. Marefa wote wanaume walioitangulia filimbi yangu waliiogopa, kwa sababu anayetukana kuliko wote alikuwa Yaya Jeanne, na Yaya Jeanne ndiye aliyezilisha timu zote mbili kila Jumapili baada ya mechi. Nani atamtoa nje mtu ambaye jioni atamnawisha mikono na kumwekea bukari, ugali wa kwao, mbele yake?

"Ukitaka nikupokee filimbi leo, sema tu," Alphonce aliniambia asubuhi. "Hakuna atakayekucheka."

"Nitachezesha, kaka Alphonce."

Ignace alikuja katikati ya uwanja kurusha shilingi. Tulipeana mikono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, nacho kilichelewa kuuachia wangu. Sikumtazama. Ningemtazama ningeharibikiwa mapema.

Hesabu ilikuwa rahisi. Timu yake, Shaba, ilikuwa inaongoza ligi, na sare ingeitosha kuchukua kombe. Wanachuo walihitaji kushinda. Nao Wanachuo walikuwa watu wangu, Watanzania na Wakenya wa vyuoni, kwa hiyo kila upande ulikuwa na sababu yake ya kunitilia shaka.

Alianza Mutua. Nilimpigia faulo, akanijia kifua mbele na Kisheng chake, kwamba nambeba mpenzi wangu.

"Reff, usitubebe ufala. Si tunajua chali yako ni nani hapa."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza nini?"

"Kusema." Nikamwonyesha ya njano. "Sasa cheza."

Akacheza. Kabla ya mapumziko Wanachuo wakafunga bao safi la kichwa, na kelele zikahamia upande wa pili.

Yaya Jeanne alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilekile cha kukunja, karibu na mstari, kitenge kipya, mkono mmoja na upepeo. Mwanamke mzuri, mnene, mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima. Kipindi cha pili kilipoanza akaifungulia.

"Arbitre! Banakulipa ngapi?"

Arbitre, yaani refa kwa Kifaransa chao. Nikaufuata mpira. Hilo ni la kawaida.

"Rudi mu cuisine, arbitre! Mupira haikuwe ya mama yako!"

Jikoni, tena. Nikaufuata mpira. Kisha, mpira ulipotoka nje karibu na kiti chake, akasema kwa sauti ya watu wote, polepole, ili nisikose hata herufi:

"Mwizi. Mwizi ya mupira, mwizi ya bandugu ya bantu. Malaya bila bwana."

Nilipiga filimbi. Sijawahi kuipiga vile. Nikauchukua mpira, nikauweka kwenye mstari, nikaukanyaga kwa mguu, nikaunyoosha mkono wangu kuelekea geti.

Kwanza watu hawakuelewa. Walipoelewa, uwanja wote ukapoa.

"Arbitre, pitié," akaja Loïc, mshambuliaji wa Shaba, mikono kaikunja kama yuko kanisani. "Saa inaenda. Sisi ndio tuko nyuma."

"Naona."

"Lakini ule ni Yaya."

"Namjua."

Hata Mutua akaja kunong'ona. "Reff, hata sisi tunaomba. Huyo mathee ndiye anatulisha. Tutakula wapi leo?"

"Kuna tambi kila kona ya mji huu, Mutua."

Yaya Jeanne alikunja mikono juu ya kifua. "Meiyou," akasema kwa Kichina, kama vile anavyowakatalia wauza vitambaa wanaompandishia bei. "Mi sitoke. Ignace! Kuya umuambie huyu mi ni nani."

Ignace akaja, lakini akaja kwangu kwanza. Akasimama mbele yangu, anahema, jasho linamtiririka shingoni. Nilijua nikisema neno moja la upole nitalia mbele ya watu wote.

"Nahodha," nikasema, "mtazamaji wako yule amenitukana. Mpira hautaanza mpaka atoke."

Sauti yangu haikutetemeka. Mguu ndio uliotetemeka, nikaukandamiza juu ya mpira usionekane. Ignace aliutazama ule mguu, kisha akanitazama usoni. Alijua.

"Ndiyo, refa," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Akageuka akamwendea dada yake, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapumua, tulisikia kila kitu.

"Yaya, toka inje."

"Unanifukuza mimi? Mimi, Ignace?"

"Si mimi. Ni refa. Na iko na haki."

"Juu ya mwanamuke."

"Huyu mwanamuke nitamuomba akuheshimu maisha yake yote, Yaya, na nikimuoa atakuheshimu. Lakini leo weye ndio umemukosea. Mwezi ule mwingine nilinyamaza, na tangu ile siku sijisikii mwanaume. Leo sitanyamaza. Samahani."

Yaya Jeanne alimtazama mdogo wake kana kwamba amekua jana usiku. Akasimama. Ignace akamshika mkono kwa adabu zote, kiti akakibeba yeye, akamsindikiza hadi kwa mzee Liang, akamnasulia kitenge kilichonasa kwenye waya. Geti likafungwa. Akarudi mbio.

Nilimpenda pale kuliko siku ya Fanta, kuliko siku zote. Nikapuliza filimbi mchezo uendelee.

Shaba walicheza kama watu wanaofukuzwa. Saa ilikuwa imewala vibaya, na nje ya waya Wachina wa maofisini walikwisha vaa njumu. Wakapata kona. Nikakimbia nikasimama pale Alphonce aliponifundisha, pembeni ya lango, mahali ninapoona mpira na miguu ya watu kwa pamoja. Loïc akapiga kona, watu wakaruka, Ignace akaruka kuliko wote, na mpira ukatikisa nyavu.

Shaba nzima ikalipuka. Watu wakavamia uwanja, wengine wanalia, vitenge vinarushwa juu.

Nami nilikuwa nimeona. Mpira haukugusa kichwa. Aliusukuma kwa mkono, hapa chini ya kiwiko, haraka haraka, kama mtu anayejikinga.

Ningeweza kusema sikuona. Hakuna ambaye angenilaumu. Mwanamume huyu alikuwa ametoka kumtoa dada yake nje ya geti kwa ajili yangu, na mimi sasa namnyang'anya kombe. Machozi yalikuwa tayari yananichoma. Nikapiga filimbi, nikaonyesha mpira wa adhabu kwa Wanachuo.

Walinizingira. Arbitre vendu, refa kanunuliwa, mwizi, mchawi, kidole cha mtu kikafika karibu na jicho langu. Sikurudi nyuma kwa woga. Nilirudi hatua moja tu ili nipate nafasi ya kutoa kadi, nikampa Loïc yake, kisha nikawapita wote nikaenda kwa Ignace. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya lango. Nikamwinulia ya njano.

"Kwa nini?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kwa mkono."

Tulitazamana. Nikamwona anakumbuka, na macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo, palepale, katikati ya vurugu ile. Akawageukia wenzake.

"Rudini nyuma. Refa amepiga."

"Nyuma wapi?" Loïc akapaza sauti. "Ilikuwa kichwa! Kila mutu ameona kichwa!"

"Mukono!"

Sauti ilitoka nyuma ya lango. Tuligeuka wote. Yaya Jeanne hakuwa amekwenda nyumbani. Alikuwa ameuzunguka uwanja kwa nje, akakikunjua kiti chake nyuma ya lango, pua imegusa waya, mahali ambapo katika maisha yake ya ushabiki hakuwahi kukaa.

"Funga kinywa, Loïc," akasema. "Mi niko hapa karibu, minaona muzuri kuliko weye. Ignace amepiga na mukono, kama mutu anafukuza kuku mu cuisine. Arbitre ameona sawa." Akajipepea kidogo. "Ameona sawa kabisa."

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Ignace akainua mkono wenye hatia juu. "Ni kweli," akasema. "Uligusa." Sikuwa nimemuuliza, ila nilifurahi kusikia.

Wanachuo wakaupiga ule mpira mbali, mzee Liang akafungua geti, nami nikapiga filimbi ya mwisho. Nilikuwa najiandaa kuondoka nimeinamisha kichwa kama kila Jumapili, nikasikia makofi. Felisia, mwanafunzi mwenzangu, ndiye aliyeanza, kisha mashabiki wa Wanachuo, kisha, taratibu, wale wa Shaba. Loïc akanijia akasema pardon, na alikuwa anaisema kweli. Hata wale Wachina wa maofisini walipiga makofi, ingawa nadhani hawakujua ni kwa nini.

Alphonce akanipokea mpira. "Leo hukuipiga kwa aibu," akasema, akageuka upande ili nisimwone uso.

*

Jioni timu zote mbili zilisimama nje ya mgahawa wa Dengfeng, hakuna anayethubutu kuingia. Tulinusa sombe, kisamvu chao, kutoka ndani. Ignace alisimama kando yangu, na kwa mara ya kwanza mtaani, mbele ya wauza simu na wabadilisha fedha wote, akaushika mkono wangu.

"Kombe limekwenda," nikamnong'oneza. "Umenikasirikia?"

"Kwa kombe, kidogo," akasema. "Lakini nitapona. Wewe umenikasirikia?"

"Kwa lichi, hapana. Zilikuwa tamu."

Yaya Jeanne akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Ingieni. Mikono kwanza." Watu wakapita mbele yake mmoja mmoja, wapole kama watoto wa sekondari. Nilipofika mimi, mwiko ukaziba njia. "Weye, ngoja."

Nikangoja. Nilipiga goti kidogo, kama tulivyolelewa kwetu. "Shikamoo, Yaya. Nisamehe kwa kukutoa nje."

"Utafanya tena?"

Ignace alikuwa ameuminya mkono wangu hadi unauma.

"Ukitukana tena, Yaya, nitafanya tena."

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akarudi juu. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Huyu mtoto nimemutukana mbele ya bantu bote, na haniogope. Bakubwa ya hapa bote bananiogopa, hakuna mwenye alinitoa hata ku kiti. Weye unaona unaweza huyu?"

"Siwezi, Yaya," Ignace akasema.

"Muzuri." Akaushusha mwiko. "Basi, Jumapili unakuya kwangu kula. Lakini niko na sharti."

"Sharti gani, Yaya?"

"Unakuya na filimbi. Ignace na bandugu yake bakikaa ku meza banapiga kelele, hakuna mwenye anasikia mwenzake." Akanishika begani, mkono mzito na wa joto, akanisukuma ndani. "Utawapigia."